Andalio la Somo la Kucheka

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Siku ya sita wadini. Nne za kwanza nilizilala zote, sizikumbuki. Leo mume wangu, Baba Okinyi, ameniletea daftari hili, kurasa mia mbili, jalada la samawati, na penseli mbili. Kalamu ya wino Sista Nduta, muuguzi, ameikataa mlangoni. Eti kanuni. Sawa. Mimi ni nani nipinge kanuni?

Niandike ukweli, maana hapa hakuna wa kusoma. Mimi Celestine Awuor, naibu mwalimu mkuu, miaka ishirini na saba kazini, miwili ya mwisho nikikaimu na kiti cha mkuu pia, nimelazwa wadi ya wagonjwa wa akili hapa Kisumu. Wanasema nilikutwa Jumatano asubuhi, saa kumi na mbili kasorobo, uwanjani shuleni kwetu Pap Onditi, nikihutubia gwaride kuhusu kucha ndefu na takataka. Hilo sikatai. Hotuba ilikuwa nzuri. Tatizo ni kwamba shule ilikuwa imefungwa tangu Ijumaa, na mbele yangu walikuwapo mbuzi wa jirani tu. Mlinzi anasema niliwaamuru wapange foleni kwa urefu. Asichosema ni kwamba wawili walipanga!

Sikuwa nimepata usingizi kwa siku tisa. Hilo pia ni kweli.

Shule zinafunguliwa Jumatatu tarehe 25. Nisiposimama mbele ya gwaride asubuhi hiyo, bodi itampa Ondiek, mwalimu wa sayansi, afisi yangu. Baba Okinyi alijaribu kunificha habari hiyo, lakini mume wangu hajui kudanganya. Alijikuna shingo mpaka nikamhurumia. Basi lazima nitoke hapa kabla ya tarehe 25. Nimelipigia mstari.

Mchana alikuja kijana anaitwa Naswa. Suti ya michezo, filimbi shingoni, meno yote nje. Kazi yake ni tiba kwa michezo. Nikamwuliza, michezo imekuwa tiba tangu lini? Akasema utafiti upo. Tukapangwa duara — vibaya, mrefu kando ya mfupi — tukaambiwa tupige puto jekundu lisianguke. Basi. Huo ndio mchezo. Watu wazima kumi na wawili! Lilipofika kwangu nikalidaka, nikafungua fundo, nikalitoa hewa, nikalitia mfukoni. Mkono ulifanya wenyewe. Miaka yote hiyo umezoea kunyang'anya watoto vitu.

Naswa akaniuliza kwa upole kama wanaweza kurudishiwa puto lao. Nikamwambia aje na mzazi.


Jumanne, 12 Agosti

Leo kuchora. Kila mtu achore kitu kinachomfurahisha. Jentrix, msichana wa chuo kutoka Maseno, hakuchora. Aliweka shavu juu ya karatasi akalala. Wiki tatu, wanasema, hainuki kitandani ila kwa kuinuliwa. Wepukhulu alichora mlango. Alikuwa soja wa supamaketi huyu, na mpaka leo husimama mlangoni pa chumba cha kulia akitupapasa sote tukiingia. Usipoinua mikono, huli.

Mimi nilichora ratiba. Nilipiga mistari kwa ukingo wa Biblia.

Naswa aliitazama sana. Madam, hii ni nini? Ratiba. Inakufurahisha? Nikamwonyesha: siku tano, vipindi arobaini, na hakuna hata kimoja kinachogongana na kingine. Akaandika kitu kwenye fomu. Nikachungulia. Kuna safu mbili, Kushiriki na Kufurahia, alama sifuri mpaka tano. Kwenye Kufurahia amenipa sifuri. Jentrix, aliyekuwa akikoroma, amepata moja! Nikadai mwongozo wa kusahihisha. Hana. Anatoa alama bila mwongozo. Na watu wanamwita mtaalamu.


Jumatano, 13 Agosti

Dansi. Ohangla kwenye spika. Nilisimama wima mpaka nyimbo zote zikaisha. Sifuri.


Alhamisi, 14 Agosti

Daktari Mbugua ameniita. Mtu mpole, wa sauti ya chini, darasani hangemaliza wiki. Anasema dawa zimefanya kazi: usingizi umerudi, na mbuzi nawaona ni mbuzi. Kwa hiyo naenda nyumbani? Bado. Akafungua fomu za Naswa. Anasema mwili wangu umepumzika lakini mimi mwenyewe bado niko zamu.

Anataka kitu kimoja tu. Saa moja, nicheze mchezo wowote bila kumsimamia mtu, bila kupanga, bila kusahihisha. Naswa ashuhudie, aandike. Nikifanya hivyo kufikia Jumapili tarehe 24, yeye atakuwa zamu siku hiyo mpaka saa kumi jioni, atatia sahihi, na Jumatatu niko kwenye gwaride langu. Nisipofanya, wiki mbili zaidi.

"Na nikishindwa kufurahi?" nikamwuliza.

"Mwalimu, pole pole. Hii si exam."

Hajui asemalo. Kitu chenye tarehe na sahihi ni mtihani.


Ijumaa, 15 Agosti

Mtihani ni maandalizi. Nimefundisha hivyo, nami nitafanya hivyo.

ANDALIO LA SOMO
Somo: Furaha. Mada ndogo: Kucheka.
Muda: dakika 35. Idadi ya wanafunzi: 1.
Matokeo yanayotarajiwa: Kufikia mwisho wa somo, mwanafunzi aweze kucheka bila kusukumwa.
Swali dadisi: Kwa nini watu hucheka?
Nyenzo: kioo cha bafuni.
Utangulizi: mwanafunzi atabasamu (dakika 5).
Hatua ya 1: mwanafunzi akumbuke jambo la kuchekesha (dakika 10).
Hatua ya 2: mwanafunzi acheke kwa sauti, mara tatu tatu (dakika 15).
Hitimisho: mwanafunzi atulie (dakika 5).

Tathmini: Somo halikufaulu. Hatua ya 1 ilichukua dakika 25 na halikupatikana jambo. Hatua ya 2 mwanafunzi alikohoa.


Jumamosi, 16 Agosti

Kumbe Sista Nduta alinisikia jana bafuni. Ha ha ha, pumzi, ha ha ha, pumzi. Ameandika kwenye faili: anacheka peke yake mbele ya kioo. Nimeongezewa kidonge! Nikamwonyesha andalio la somo ili aelewe. Akalisoma lote, mpaka tathmini, akanirudishia, akaenda kuandika mstari wa pili.

Siku ya wageni. Nani akaja? Ondiek! Sukari kilo mbili, mkate, na ule uso wake wa matanga. Eti wananiombea kila asubuhi. Eti nisiharakishe, afya kwanza. Kisha, miguu ikiwa tayari imeelekea mlangoni:

"Lakini Madam, ile funguo ya stoo, uliweka wapi?"

Alitaka mipira. Stoo ina mipira sita mipya, iko kwenye nailoni yake tangu 2021, nimeitunza isiharibike. Muhula wa tatu watoto wana mashindano ya kanda, akasema, na wanafanyia mazoezi mpira wa matambara. Nikamwambia ufunguo uko mahali salama. Akasema sawa Madam, akashukuru kwa Kijaluo, ero kamano, akaondoka. Sukari ameiacha. Sitaionja.

Ameshaanza kuulizia funguo. Siku tisa zimebaki.


Jumapili, 17 Agosti

Baba Okinyi kaleta suti yangu ya kijivu, nimwombe Mungu nikiwa nadhifu. Hakukaa sana. Sijui kwa nini nilimkaripia kuhusu viatu vyake. Vilikuwa na vumbi, lakini njia nzima kutoka nyumbani ni vumbi.


Jumatatu, 18 Agosti

Naswa ana malaria. Hayupo leo wala kesho.

Saa nane ilifika, watu wakatoka nje wakakaa kwenye nyasi, hakuna kilichotokea. Dakika tano. Kumi. Mzee mmoja alianza kung'oa majani. Nilijizuia. Mungu ni shahidi wangu, nilijizuia dakika kumi na tatu. Kisha nikasimama, kwa muda tu, mpaka Naswa apone.

Nimewagawa nyumba mbili kama shuleni, Ndere na Takawiri. Wepukhulu ni mshika muda: anagonga sahani ya bati kwa kijiko, na anagonga vizuri, kwa dakika yake. Jentrix nimemfanya kiranja wa kelele. Nilimwendea pale kitandani nikamwambia naye atoke akaandike majina ya wapiga kelele. Akafungua jicho moja. "Madam, hapa ni wodi, si shule. Na mi siko kwa mood." Nikamwambia kiranja haulizwi mood. Akainuka! Saa nzima alizunguka na karatasi. Ameandika majina tisa, mawili ni ya wauguzi.


Jumatano, 20 Agosti

Wadi haijapata kuwa hivi. Jana Ndere waliwashinda Takawiri kwa kuvuta kamba, leo Takawiri wamelipiza kwa mbio za yai na kijiko. Bila yai, kwa limau, mpishi amekataa katakata. Wepukhulu ana kazi ya kengele, amesahau kutupapasa mlangoni. Jentrix anakula sahani mbili na kucheka mpaka chai inamtoka puani. Sista Nduta alikuja kulalamika kuhusu kuandikwa jina, akabaki, akavuta kamba upande wa Ndere.

Mimi nimesimama kando na karatasi ya matokeo. Kila kitu kinakwenda. Nimelala vizuri.

Naswa karudi mchana, macho yamemwingia ndani kwa malaria. Alitazama uwanja mzima, akakaa chini kwenye nyasi. Sikujua kama amefurahi au amechoka. Alama zangu za leo ameandika upande wa mbali, nisione.


Alhamisi, 21 Agosti

Siku gani hii! Niandike kwa mpangilio.

Saa tatu tunaambiwa wageni wa wafadhili wanakuja saa tano kuona hii tiba kwa michezo. Daktari Mbugua anatoka jasho. Naswa hajui aanzie wapi, amekaa sakafuni anapuliza maputo. Wageni saa tano na mtu anapuliza maputo! Nikavaa suti ya kijivu. Nikawapanga watu mistari miwili, kwa urefu. Nikaandika programu: wimbo, sala, mbio za limau, kamba, shairi la Jentrix, neno la mgeni rasmi, shukrani. Wepukhulu getini.

Mgeni rasmi ni mama mwenye kofia pana, anasikiliza akifumba macho. Alishuka garini, akapita moja kwa moja mbele ya Daktari, akanipa mkono mimi. Nikampokea. Ningefanya nini, nimwache mkono hewani? Akaniuliza idara hii nimeiongoza miaka mingapi. Nikajibu ishirini na saba, maana ndilo jibu langu siku zote nikiulizwa hivyo.

Akapita mistari. Akamfikia Naswa, bado sakafuni na puto mdomoni. Akainama akampapasa bega. "Utapona, kijana. Usikate tamaa." Yawa! Naswa alimtazama, akalitazama puto, akasema asante mama.

Mbio safi. Kamba safi. Shairi lilimtoa mgeni machozi. Nikatoa shukrani, itifaki ikazingatiwa, dakika nne kamili. Kisha mama akarudi kwenye kipaza sauti, hakuwa kwenye programu, akasema ametembea wadi nyingi lakini hajaona kazi kama hii, na ombi lake kwa hospitali ni moja tu.

"Huyu Madam msimwachilie! Mtu kama huyu haondoki hapa!"

Makofi. Wagonjwa wote wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga, nilikuwa nimeshaanza kabla sijasikia alichosema.


Ijumaa, 22 Agosti

Daktari Mbugua, saa nne. Aliniwekea fomu mezani kama ninavyowawekea watoto wanaoletwa afisini. Wiki hii: Wepukhulu nne. Jentrix tano. Yule mzee wa majani, nne. Mimi: Kushiriki tano, Kufurahia sifuri. Jumatatu sifuri, Jumanne sifuri, Jumatano sifuri. Jana Naswa aliandika sifuri, akaifuta, akaandika sifuri tena.

Nikamwambia fomu za Jumatatu na Jumanne si halali, msahihishaji alikuwa na malaria kwao. Akasema Sista Nduta alimjazia. Nikamwambia basi aone matokeo. Nani aliyemtoa yule msichana kitandani? Nani? Akakubali. Alikubali kila kitu! Akasema wengine wanakwenda nyumbani kwa sababu yangu, Jentrix Jumatatu, Wepukhulu wiki ijayo. Akasema hajapata kuona mtu akiendesha furaha vizuri hivyo bila kuigusa.

Basi, Jentrix anakwenda nyumbani Jumatatu. Mimi niliyemwamsha nabaki.

Nikampigia meza. Nilipiga meza ya daktari. Akangoja nimalize, akasema mpaka Jumapili saa kumi bado kuna nafasi. Kisha akaniomba kwa adabu nimwachie karatasi ya matokeo ya Ndere na Takawiri. Amenivua cheo hapo hapo. Nimerudi kitandani kwangu mikono mitupu, na sikujua niiweke wapi.


Jumamosi, 23 Agosti

Nimelia. Niliandika nimelia kwa hasira, nimefuta, si hasira. Naogopa. Naogopa Jumatatu asubuhi kengele ilie, Ondiek aseme "wima," watoto elfu moja na mia moja wasimame wima, na kila kitu kiende sawasawa. Hicho ndicho kinachoniogopesha. Kwamba kitakwenda sawasawa.

Kumenyesha kutoka ziwani, mvua ya kulala, hakuna mchezo. Jentrix alikuja akakaa miguuni pa kitanda changu anasuka nywele zake mwenyewe bila kioo. Akaniuliza nilipokuwa mdogo nilipenda mchezo gani. Nikasema kati, ule wa kukwepa mpira. Akafurahi: "Aki Madam! Ulikuwa unarusha ama ulikuwa katikati?" Nikamwambia hapana. Nilikuwa refa.

Kila siku?

Kila siku. Wenzangu wa kijijini Seme wote walicheza na mimi nilikuwa refa, kwa sababu nilikuwa kifungua mimba na siku zote nilikuwa na mtoto mgongoni. Huwezi kukimbia na mtoto mgongoni. Akishuka huyu anazaliwa mwingine. Wadogo zangu saba. Kwa hiyo nilisimama kando nikasema huyu ametoka, huyu hajatoka, na nilijua sheria kuliko wote, wakaniheshimu. Nilikuwa nimefikisha miaka kumi na nne mgongo wangu ulipokuwa mtupu, na nikaenda shule ya bweni, nikafanywa kiranja.

Sijapata kumwambia mtu hilo. Wala sikujua kwamba ni jambo la kusema. Jentrix alifunga nywele zake akaenda.


Jumapili, 24 Agosti

Asubuhi. Kwaya ya kanisa imekuja, imeimba, imekwenda. Baba Okinyi atafika saa tisa na gari la kaka yake, ikiwa nitaruhusiwa. Nimekunja nguo. Kisha nimezikunjua. Daktari yuko zamu mpaka saa kumi. Saa nane na nusu mchezo wa mwisho, na sijui ni upi, na sikuuliza. Nimejizuia kuuliza mara nne.


Saa nane na dakika hamsini. Siandikii kitandani; daftari na penseli nilitoka navyo kwapani.

Niko ndani ya tangi.

Lile tangi jeusi la maji nyuma ya jikoni, lililopasuka, limelazwa ubavu kwenye majani. Ilikuwa hivi. Naswa aliuliza mchezo gani, Jentrix akapiga kelele "Brikicho!" na wazee na vijana wote wakasema ndiyo. Nikainua mkono nichague mipaka. Jentrix akanishusha mkono. "Madam, leo hakuna refa. Jifiche tu." Wepukhulu akafunika macho kwenye mlingoti wa bendera akaanza kuhesabu, kwa sauti ya soja, na watu wakatawanyika, na mimi nikabaki nimesimama katikati ya uwanja peke yangu kama mjinga. Alipofika ishirini miguu ikaondoka. Sikuiambia. Nilikimbia! Nikapita jikoni, nikapita kamba za nguo, nikaona mdomo wa tangi, nikaingia kwa tumbo. Kilo tisini. Kifungo cha sketi kimeruka sijui wapi. Goti linavuja damu kidogo.

"Brikichoo?" akaita. Nami nikajibu pamoja na wengine, "Badoo!" — na ndani ya tangi sauti yangu ikazunguka ikanirudia mara tatu, ikawa kama tuko wanne humu.

Hapo ndipo nikacheka. Niandike vizuri: nimecheka. Nimebana mdomo kwa mikono miwili na tumbo likaendelea lenyewe, na tangi likatikisika nalo.


Saa tisa na robo. Kuna tundu la bomba hapa, naona kama kwa jicho moja la mbuzi. Wengine wote wameshatoka mafichoni. Wepukhulu ni hodari, hakimbii, anakwenda kwa mistari, kila kichaka anakipapasa. Akikuona anasema jina lako, anakwenda kugusa mlingoti, umekwisha. Ukimtangulia kuugusa wewe, umepona. Jentrix alimtangulia kwa kidole kimoja.

Nimebaki mimi.

Wanaita. Madam! Madam Deputy! Mwanzoni walikuwa wanacheka. Sasa Sista Nduta ametoka akawahesabu. Kumi na mmoja. Akahesabu tena. Namsikia anamwambia Naswa kwamba huyu mama jana alilia, na leo amekunja nguo zote na kuzikunjua. Naswa anasema yuko tu, amejificha. Sista anasema mtu wa miaka hamsini na mbili hajifichi dakika arobaini, huyo ametoroka. Geti limefungwa, nimesikia mnyororo.


Saa tisa na dakika thelathini na tano. Saa moja imetimia! Dakika tano zilizopita. Nimecheza saa moja, sijampanga mtu, sijasahihisha mtu. Na Naswa anapita hapo mbele na fomu mkononi, shahidi wangu, mtu pekee anayetakiwa kuniona, na hanioni. Ningeweza kutoka sasa hivi. Nikitoka, Wepukhulu yuko hatua kumi kutoka hapa. Atasema jina langu.

Nisemwe jina na soja wa supamaketi baada ya kutaabika hivi? Sitoki.


Saa tisa na arobaini na tano. Baba Okinyi amefika. Amevaa koti lile la harusi za watu. Wamemwambia mlangoni, nimeona uso wake ulivyoshuka, na moyo umeniuma, karibu nitoke. Alikuja mpaka nyuma ya jikoni na Naswa. Nasikia kila neno.

"Miaka ishirini na nane, kijana wangu, sijawahi kutafuta huyu mama hata siku moja," alimwambia Naswa. "Ni yeye hunitafuta."

Naswa akaenda upande wa kufulia. Baba Okinyi akabaki. Akainama. Aliokota kitu kwenye majani, akakigeuza, akakipangusa kwa kidole. Kifungo cha sketi yangu. Alikishona yeye mwenyewe mwezi wa tano, kwa uzi wa bluu, tukacheka — hapana, hatukucheka, nilimwambia uzi si wenyewe.

Akalitazama tangi.

Nilishika pumzi. Alitazama muda mrefu, halafu uso wake ukafanya kitu ambacho sijakiona tangu tuko vijana. Akatia kifungo mfukoni. Daktari Mbugua akauliza kutoka uwanjani kama kuna kitu huko nyuma.

"Huku hakuna kitu, Daktari!" Baba Okinyi akasema. Bila kujikwaa hata neno moja.


Saa kumi kasoro dakika saba. Daktari ana simu mkononi. Anasema ikifika saa kumi ni lazima apige ripoti polisi, ni kanuni, na fomu ya kuniruhusu ataichana, hana njia nyingine. Sista Nduta analia. Mlinzi wa geti ameletwa uwanjani na rungu, amesimama anatazama huku na huku. Wote wako kati yangu na mlingoti. Baba Okinyi amesimama mbali kidogo na wenzake, karibu na kamba za nguo, na njia ile ndiyo pekee iliyo wazi, na sidhani amesimama hapo kwa bahati. Amemwita Wepukhulu amwonyeshe kitu upande wa ukuta. Wepukhulu anakwenda. Amegeuza mgongo.

Hatua thelathini mpaka mlingotini. Labda thelathini na tano.

Mtu akiniona nikitoka mbio kuelekea kule, na geti liko nyuma ya mlingoti huo huo, atafikiri nini? Najua atakachofikiri. Mlinzi ni kijana, ana miguu mirefu.

Viatu nimeshavivua.